Je, ni kosa kutumia dawa ya wadudu ya kienyeji huko Uingereza?

Dada, umeuliza kama unaweza kunyunyizia sukuma wiki yako ya bustanini huko Uingereza maji ya sabuni ya vyombo na kitunguu saumu, kuua vidukari. Kisheria, hapana. Chochote unachokitumia kwa lengo la kuua mdudu wa mmea kinahesabiwa kiuatilifu, na kiuatilifu lazima kiwe kimeidhinishwa. Kinachoangaliwa ni lengo lako. Sabuni ileile ukioshea chungu cha maua hakuna neno. Ukimpulizia kidukari ili afe, umevuka mstari. Najua inachekesha, maana sabuni hiyo unaoshea sahani unazolia.

Mafuta ya mwarobaini nayo yapo kundi hilo: kuuzwa kama king'arisha majani hakuyafanyi kuwa kiuatilifu halali. Na maji ya tumbaku usiyaguse kabisa, sheria iwepo isiwepo. Nikotini ni sumu kali na hupenya ngozini.

Kama lazima upulize, dukani kuna dawa za asidi za mafuta, kwa kweli ni binamu wa hiyo sabuni yako, ila zimepimwa. Tafuta namba ya MAPP kwenye lebo, yaani namba ya idhini ya kiuatilifu, na usome kama inaruhusiwa kwenye mboga.

Mimi ningeanza na maji matupu. Geuza jani, vidukari hujazana upande wa chini karibu na mshipa wa kati, wapige kwa bomba asubuhi. Waliobaki waponde kwa vidole. Hilo halihitaji kibali cha mtu.