Chomoa Hiyo Flashi, Usikubali Kufomati

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimerekodi kipindi kwenye TV, nikichomeka flashi kwenye kompyuta inadai niifomati. Nikubali?" Chai niliiacha mezani nikamjibu: chomoa, usibonyeze chochote!

Mimi nilibonyeza.

Marehemu mama alitokea kwenye kipindi cha mapishi, akionyesha mkate wa kumimina. Dakika nane tu, lakini sebule ilijaa mpaka majirani. Nikabonyeza kitufe chekundu cha rimoti nikajiona mhandisi. Tulikirudia palepale mara tatu, mama akilalamika kwamba mtandio ulikaa upande. Alipofariki, wadogo zangu wakataka nakala. Kompyuta ikasema flashi haisomeki, niifomati? Nikakubali, kila kitu kikafutika. Shemeji yangu, anayejiita mtaalamu, akacheka mbele ya watu. Sijasahau.

Baadaye ndipo nikajua kuwa flashi haikuwa mbovu. TV nyingi huiandaa kwa mpangilio wao ambao Windows haiutambui, na kipindi chenyewe hufungwa kwa ufunguo unaobaki ndani ya TV hiyo hiyo. Ukiipeleka kwenye kompyuta ya Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, unaweza kuliona faili, lakini halichezi. Fundi akibadilisha bodi ya TV, rekodi zako za zamani nazo zinaweza kugoma.

Siku hizi narekodi kwa king'amuzi. Vingi vya chaneli za bure huhifadhi faili la video la .ts, na programu ya VLC hulicheza bila maneno. Flashi ikiwa imefomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, faili moja halivuki GB 4, kwa hiyo kipindi kirefu hukatwa vipande, usidhani kimepotea. Vya kulipia mara nyingi hufunga rekodi kama TV. Kama king'amuzi chako kina matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, nunua kile kifaa kidogo cha kunasa picha kinachochomekwa USB, fungua OBS Studio, programu ya kurekodia, kisha cheza kipindi huku kompyuta ikirekodi. Saa moja ya kipindi ni saa moja ya kukaa hapo. Waya wa HDMI usiutegemee sana, kwani ulinzi wake wa kuzuia kunakili waweza kukuachia kioo cheusi.

Huyu msomaji kipindi chake kilikuwa kimefungwa ndani ya TV. Nikamwambia airudishe flashi kwenye TV ile ile, afunge mapazia, aegemeze simu juu ya vitabu na arekodi kioo. Ndiyo, simu! Picha si safi, lakini jana kanitumia: sauti ya babake inasikika vizuri kabisa.

Ndugu zangu, tunarekodi halafu tunalala. Rekodi dakika mbili, peleka kwenye kompyuta, hakikisha zinacheza, ndipo usubiri kipindi chenyewe. Ukishakirekodi, kinakili kwenye sehemu mbili tofauti. Narudia: sehemu mbili.

Shemeji naye kapiga simu wiki hii, anataka nimrekodie fainali. Nimemwambia aje na flashi yake.