Maswali ya Wasomaji: Taa za Kukuzia Pakanga Maabarani

SWALI: Ndugu Mhariri, maabara yetu inakuza vichipukizi vya pakanga ya Kichina, ambayo majani yake hutoa artemisinini ya dawa za malaria. Chupa zimepangwa kwenye rafu zenye taa za tyubu. Nimeshauriwa niweke taa za LED nyekundu na buluu. Je, kuna faida, na taa ziwake saa ngapi kwa siku?
Fundi wa maabara, Arusha

JIBU: Tuanze na saa, kwani zina uzito kuliko rangi. Pakanga huchanua usiku unapokuwa mrefu: mwanga wa siku ukipungua chini ya saa 13 na nusu hivi, mmea huanza kuandaa maua badala ya kuongeza majani, na siku zetu za karibu na ikweta zina takriban saa 12 tu za mwanga. Kwa hiyo washa taa kwa saa 16 na uzizime kwa saa 8. Kinga hiyo, hata hivyo, huisha miche inapotolewa nje, hivyo chagua mapema mimea mama (ile unayokatia vichipukizi) ya aina inayochelewa kuchanua.

Mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 hivi huendesha usanisinuru vizuri, lakini ukiwa peke yake vichipukizi hurefuka na kulegea; buluu ya nanomita 450 huvifanya vifupi na imara. Mimi ningenunua LED nyeupe zenye nyongeza ya nyekundu, kwa sababu nyekundu na buluu zikichanganyika rafu huonekana zambarau, na rafu hizo hupendeza pichani tu, ilhali jicho hushindwa kutambua jani lililoanza kuwa manjano.

Faida kubwa zaidi ya LED ni upungufu wa joto. Tyubu za rafu ya chini hupasha vitako vya chupa zilizo juu yake, maji ya agari (rojo la virutubisho ndani ya chupa) hupanda kama mvuke na kutanda matone kwenye vifuniko, na katika unyevu huo vichipukizi huweza kuwa vinene, vyenye kung'aa kama kioo, vinavyokatika mara tu vinaposhikwa kwa kibano. Ukiviona hivyo, pima joto la rafu kabla ya kulaumu virutubisho.

Usitegemee kipimo cha laksi, kilichoundwa kufuata jicho la binadamu. Tafuta cha fotoni, yaani chembe za mwanga. Mikromoli 40 hadi 60 za fotoni kwa mita ya mraba kwa sekunde zinatosha, maana chakula kikubwa cha vichipukizi ni sukari iliyomo kwenye agari. Miche ikikaribia kuhamishiwa udongoni, ongeza mwanga kidogo kidogo.