Siulizi "uko wapi", nauliza "umekula nini"

Swali lenu la wiki hii nilisomewa na kitinda mimba wangu, amenyoosha ule mguu wake mbovu juu ya stuli: "Wewe mzazi mwenye watoto wakubwa jeshini, mnaishi vipi kama familia?" Akaniangalia, akasema, "Mama, hili ni lako. Lakini ukijibu, na mimi nitaje." Nitamtaja. Zamu yake bado.

Nakaa Bombo, wilaya ya Luweero, kilomita kama 35 kutoka Kampala kwa barabara ya Gulu. Hapa kambi na mji ni kama ulimi na mate. Sisi Wanubi tulifika nchi hii kwa njia ya bunduki: babu zetu walikuwa wale askari wa Kisudani ambao Lugard, yule afisa wa Kiingereza, aliwachukua mwaka 1891, wakaja kuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza huku Afrika, na babu yangu mzaa baba alifika hadi Burma kwenye vita vya Hitler, akarudi na medali moja na kikohozi kisichopona. Hata Kiswahili hiki ninachoandikia ni cha kambini. Jirani zangu Waganda wengi wanakisikia kama lugha ya watu waliogonga mlango usiku, na siwalaumu. Ila inanichekesha kila Februari wakisema "Tarehe Sita", sikukuu ya jeshi, kwa Kiswahili safi kabisa.

Nina wawili jeshini. Kifungua mimba ni koplo. Aliandikishwa 2011, akafundishwa Kaweweta, kambi ya kuruti. Anayemfuata ni binti. Yeye alimaliza chuo kikuu kwanza, ndipo akaenda Kabamba kwenye kozi ya kadeti, na leo ni luteni. Majina yao siyaweki, wenyewe wamenikataza. Wa tatu, huyu wa mguu, ni mtu wa bodaboda. Baba yao, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani, na hakuna siku alishika kitu kikali kuliko mkasi.

Sikutaka waende, niseme kweli. Baba yangu alikuwa askari wakati wa Amin. Aprili 1979 Kampala ilipoanguka nilikuwa na miaka 13. Mama yangu alichimba shimo nyuma ya choo, akafukia kombati zote za baba, na mkanda, na picha zote alizovaa sare. Kisha tukashika njia ya kaskazini mpaka Sudan. Tumerudi 1987, baba hakurudi, alizikwa huko. Kwa hiyo kijana aliponiletea barua ya mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, kwamba anataka kwenda kujiandikisha, nilimwambia mwenyekiti aliyeiandika hana mtoto. Anao watano. Kijana akaenda.

Mpaka leo nguo za jeshi sizianiki kamba ya nje. Akija na kombati chafu naifua mwenyewe usiku, naianika ndani, sebuleni, kwenye migongo ya viti. Binti ananiambia, "Mama, mambo hayo yalikwisha." Namjibu kwamba mwaka 1978 na sisi tuliambiwa hivyo.

Sasa, mnauliza tunaishi vipi. Tunaishi kwa simu. Lakini simu ya askari ina adabu yake, na hakuna aliyenifundisha. Mwanzoni nilikuwa nauliza, "Uko wapi?" Kimya. "Unarudi lini?" Kimya, halafu, "Mama, mtandao mbovu." Mtandao haukuwa mbovu, nilikuwa nasikia hata kuku huko aliko. Nikaelewa kwamba kila swali la namna hiyo namlazimisha ama anidanganye ama avunje amri, na mtoto wangu sitaki afanye lolote kati ya hayo. Ndipo nikaanza kuuliza, "Umekula nini?"

Chakula hakina siri. Akisema posho na maharage, yuko nchini. Akisema vya makopo, kavuka mpaka. Siku aliyosema amekunywa maziwa ya ngamia nilijua yuko mbali na mji. Zamani namba yenyewe ilisema: 252 ni Somalia, wanakopelekwa askari wetu. Siku hizi wanapiga kwa WhatsApp, namba ni ileile ya nyumbani, hujui kitu. Lakini jua nalo halijui kudanganya. Mogadishu na Bombo tuna saa moja, ila jua lao hutangulia kuzama, dakika kama 50 hivi. Mwezi wa Ramadhani ananipigia, nasikia adhana ya magharibi nyuma yake, anatafuna tende, na mimi bado nakodolea macho sufuria ya uji. Binti alipokuwa Congo ilikuwa kinyume: saa zao ziko nyuma. Ananiambia, "Ngoja, saa kumi na moja nina kikao," nami kwangu ni saa kumi na moja na robo. Na chakula cha siku ile kilikuwa sombe. Nikanyamaza nikasema, Congo. Siku moja nikamweleza hesabu zangu zote. Alicheka, halafu akaacha kucheka, akasema, "Mama, usimwambie mtu." Wote wawili sasa wako nchini, ndiyo maana leo nimeandika.

Pesa nitazipita haraka. Mtu akisikia una mtoto Somalia anadhani dola zinaota uani. Walikuja mashemeji, wakaja watu wa mashemeji. Mwenyewe alikuwa anaweka akiba yake Wazalendo SACCO, chama cha akiba cha askari, kidogo kidogo, na kitu cha kwanza zilichofanya zile pesa ni ada ya chuo kikuu ya dada yake. Hili nataka mlikumbuke mnapoendelea kusoma.

Maana cheo kinaingia nyumbani hata ukifunga mlango. Tangu binti awe afisa, wawili hawa walikutana kwangu mara moja tu kwenye Idi, ile ya kufungua Ramadhani, Mei 2022. Sheria yangu wanaijua: hakuna sare ndani, hakuna "afande" ndani. Koplo alifika asubuhi, akaketi mkekani kwa kanzu, anakula. Binti akaingia saa tano na dira lake, kashika mfuko wa nyama. Kaka mtu akasimama. Sikusema akainuka, nimesema akasimama: visigino pamoja, mikono ubavuni, kijiko kimeanguka kwenye mchuzi. Watoto wa jirani wakacheka wakidhani ni mchezo. Yeye mwenyewe aliona aibu, na binti aliona aibu zaidi.

Nikamwambia, "Kaa chini. Huyu umembeba mgongoni."

Akakaa. Lakini chumba kilikuwa kimeshabadilika hewa. Kila mmoja akawa anatafuta pa kuweka macho. Ndipo binti akafanya jambo ambalo sikumtuma. Aliingia ndani, akatoka na birika na beseni na taulo begani, akapiga magoti mbele ya kaka yake, akammiminia maji mikononi, taratibu, kama nilivyomfundisha ana miaka saba. Koplo aliosha mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ilikuwa safi tangu zamani. Hakuna aliyesema neno, na mimi nikajifanya nafunika chakula na tabaga, kile kifuniko chetu cha kusuka, ambayo tayari ilikuwa imekifunika.

Usiku niliwasikia chini ya mwembe. Yeye anamwita "afande", binti anamwambia "usiniite hivyo", yeye anajibu, "Nikizoea hapa nitateleza kule." Sikuwahi kuifikiria hivyo. Nilidhani kule ndiko wanaigiza na hapa ndipo wanapokuwa wenyewe.

Tufike 2023. Ijumaa ya tarehe 26 Mei, alfajiri, al-Shabaab walivamia kambi ya askari wetu Buulo Mareer, kusini mwa Somalia. Mimi nilisikia baada ya sala ya Ijumaa, mtu kasimama mlangoni pa msikiti na simu, wengine wamemzunguka. Koplo alikuwa Somalia, mara yake ya tatu. Kambi gani, sikujua. Wiki ile alikuwa ameniambia amekula samaki, na samaki hawakunisaidia kitu, pwani ya Somalia ni ndefu.

Nikapiga, haipatikani. Nikampigia binti Congo. Alipokea, akasema, "Mama, subiri," akakata. Afisa alikuwa anaongea, si mwanangu.

Jumamosi asubuhi akaja jirani, mwanamke ninayempenda, tumekula pamoja miaka 30. Kavaa leso mbili, moja kiunoni, na mkononi ana kilo ya sukari. Nikamuuliza, "Sukari ya nini?" Akasema, "Nimekuja tu kukusalimia." Nikamwambia asalimie arudi na sukari yake. Nilimfukuza mtu mlangoni kwangu, jambo ambalo sijawahi. Sukari inakuja matangani. Akiiacha mezani, nilijiambia, nimekubali.

Jumapili usiku simu ikalia.

"Mama."

"Umekula nini?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Chai tu."

Sikuuliza zaidi. Alikuwa kambi nyingine, hilo nilikuja kulijua baadaye sana. Mwanzoni mwa Juni Rais akatangaza waliouawa: 54. Redioni walisema askari 54. Mimi nilihesabu akina mama. Nilimfuata jirani kwake, nikamwomba msamaha, nikamwomba na ile sukari, tukaitia kwenye chai.

Sasa zamu ya kitinda mimba.

Ijumaa ya tarehe 9 Juni, Siku ya Mashujaa, sikukuu, nilikuwa nimekaa na redio. Tangu siku ile ya Buulo Mareer nilikuwa silali vizuri, simu naiweka kifuani. Ikalia, namba siijui. Nikaweka sauti ya nje kwa sababu mikono ilikuwa na unga. Mwanamume nisiyemfahamu akasema, "Wewe ni mama yake nani? Kuna kijana hapa amepata ajali." Nikapiga kelele jina la kaka yake. Nikalirudia. Nikauliza, "Yuko Mogadishu? Yuko hai?" Yule bwana akasema, "Mogadishu gani, mama? Tuko hapa barabara ya Gulu, kagongwa na teksi." Halafu nyuma yake nikasikia sauti ninayoijua, ya mtu mwenye maumivu, inasema, "Mwambie ni mimi. Mwambie ni yule mwingine."

Yule mwingine. Ananinunulia mkaa huyu. Ndiye aliyenipeleka kliniki presha ilipopanda, kwa pikipiki, ananishikia mkono mmoja nyuma nisianguke. Nilikuwa nimefunga siku nyingi za Alhamisi kwa ajili ya mmoja aliye Somalia na mwingine aliye Congo, na barabara ya Gulu inapita mita mia mbili kutoka mlangoni kwangu, lori kwa lori, na sikuwahi kumwombea dua hata moja ya safari. Mfupa ulivunjika sehemu mbili. Koplo alituma pesa za matibabu na luteni akatuma nyingine, na hata hapo, ona, nilijisikia nikiwaambia watu, "Wanangu wa jeshi ndio wamelipa."

Kwa hiyo mkitaka jibu langu: familia ya askari ina mtu mmoja zaidi ambaye hamumuulizi. Ni yule aliyebaki. Anajua simu ikilia mama anakimbia, na anajua si kwa ajili yake. Hajalalamika, ni mcheshi mno kulalamika. Kitu pekee alichosema, akiwa na plasta mpaka pajani, ni kwamba angejua angejiandikisha Kaweweta ili apate kuulizwa amekula nini. Tulicheka wote. Mimi niliendelea kucheka mpaka ikabidi nitoke nje.

Amerudi kazini, anachechemea kidogo, na steji yao naiona nikisimama uani. Jana mchana, saa saba, simu ikalia nikaikimbilia kama kawaida yangu. Jina lake. Nikanyoosha shingo, nikamwona yuko palepale, amekaa upande juu ya pikipiki, simu sikioni, ananiangalia.

"Haya," akasema, "niulize."