Slaida inayokwama katikati: kidole na upana unaobadilika

Mkuu, hayo mawili uliyouliza kuhusu slaida, yaani kisanduku cha picha zinazopita moja baada ya nyingine (kidole kikipita juu yake ukurasa nao unapanda na kushuka, na simu ikilazwa upande picha inabaki nusu huku nusu kule) yalinikuta yote kwenye kazi moja ya mteja. Nilihangaika wiki nyingi nikiamini ni matatizo mawili yasiyojuana. Chanzo chake ni kimoja: msimbo umejitwika kazi ya kivinjari.

Kwanza, kama slaida yako ni picha tu zinazopita, tupa JavaScript yote ya kidole. Picha zikiwa zimepangwa safu moja, kwenye CSS kisanduku kipe overflow-x: auto na scroll-snap-type: x mandatory, kila picha scroll-snap-align: start, basi. Kivinjari kitatelezesha chenyewe, na upana ukibadilika kitairudisha picha mahali pake. Najuta kutoanzia hapo.

Kama lazima ushike usukani mwenyewe, achana na touchstart na mousedown (matukio ya mguso na ya kipanya), tumia pointerdown, pointermove na pointerup. Kidole, kipanya na kalamu vyote vinapita mlango mmoja. Kisha weka touch-action: pan-y kwenye kisanduku. Mstari huo mmoja ndio jibu la swali lako la kwanza. Unakiambia kivinjari: juu na chini ni kazi yako, kushoto na kulia niachie mimi. Mimi nilikuwa nazuia kwa preventDefault (amri ya kukikataza kivinjari kufanya kazi yake ya kawaida) ndani ya touchmove niliyoisajili kwenye document, yaani ukurasa mzima, na haikufanya chochote. Tangu toleo la 56 la mwaka 2017, Chrome huwahesabu wasikilizaji wa mguso waliowekwa kwenye document kuwa hawana haki ya kuzuia, isipokuwa useme wazi passive: false. Na tafadhali usiweke touch-action: none. Picha ikijaza skrini, msomaji ananaswa: kila anapoweka kidole hawezi kushuka chini ya ukurasa.

Sasa kitu ambacho wengi wanakiruka: pointercancel. Kivinjari kikiamua kwamba kidole kinasogeza ukurasa, kinakutumia pointercancel na hutapata pointerup kamwe. Usipoishughulikia, slaida inaning'inia katikati hata kama simu haijageuzwa. Irudishe picha kwenye nafasi yake pale pale. Kwenye kompyuta hali ni hiyo hiyo mtu akiburuta picha yenyewe kwa kipanya, kwa hiyo zipe picha draggable="false". Kuhusu setPointerCapture, inayokifunga kidole kwenye kisanduku hata kikitoka nje yake, iite baada ya kidole kusogea pikseli kama 10 hivi. Ukiiita mapema, mbonyezo wa viungo vilivyo ndani ya slaida unaweza kuangukia kisanduku badala ya kiungo.

Uamuzi wa kwenda picha inayofuata usiuegemeze kwenye umbali peke yake. Wapo wanaovuta taratibu hadi nusu, na wapo wanaopiga kidole kifupi cha haraka. Pima kasi ya milisekunde 100 za mwisho, siyo tangu mwanzo, kwa sababu mtu anaweza kushikilia picha akiitazama, kisha ndipo akairusha.

Swali la pili. Nakisia umehifadhi nafasi kwa pikseli, mfano -720. Simu ikilazwa upana wa kisanduku unabadilika, lakini -720 yako imebaki pale pale. Hifadhi namba ya picha, nafasi iandike kwa asilimia. Asilimia ya translateX hupimwa kwa upana wa kipengele chenyewe. Kwa hiyo reli (kipengele kinachobeba picha zote ndani ya kisanduku) ikiwa na upana sawa na kisanduku na kila picha ikiwa flex: 0 0 100%, picha ya tatu ni translateX(-200%) kwenye simu, kwenye tableti, popote. Pikseli zinaingia kidole kinapovuta tu: calc(-200% + 37px). Siku nilipobadilisha hivyo nilifuta msimbo wote wa kusikiliza resize, na picha hazijakwama tena.

Picha zikiwa na upana tofauti tofauti, hapo utahitaji vipimo. Tumia ResizeObserver kwenye kisanduku; inakuarifu kila ukubwa wake unapobadilika. Resize ya dirisha haitakuambia menyu ya pembeni ikifunguka, na kwenye simu inaweza kukusumbua bure kila upau wa anwani unapojificha. Upana usome kwa getBoundingClientRect, maana offsetWidth hukadiria hadi namba nzima iliyo karibu: kosa la pikseli 0.4 kwa picha 20 ni pikseli 8, na jicho linaziona.

Usisahau vitufe vya mbele na nyuma. WCAG 2.2 (mwongozo wa kufanya tovuti zifikiwe na wenye ulemavu) ya Oktoba 2023, kigezo 2.5.7, kinataka kinachofanyika kwa kuburuta kiwezekane pia kwa kubonyeza tu. Mtu ambaye mikono yake inatetemeka hawezi kuvuta slaida yako hata uipange vizuri namna gani, naye ana haki ya kuona picha ya pili.

Anza na touch-action na asilimia. Ikikwama bado, bandika hapa sehemu yako ya pointercancel tuitazame.