Tapestri ya sufu katika kanisa lenye unyevu: isifuliwe, na isitundikwe mwaka mzima

SWALI

Mimi ni katibu wa kamati ya majengo ya kanisa la misheni ya zamani karibu na Tukuyu. Tunayo tapestri, yaani picha ya ukutani iliyofumwa kwa nyuzi za sufu na hariri, yenye urefu wa mita 2 na kimo cha mita 1.4, ambayo wamisionari waliileta kutoka Ulaya. Imetundikwa kwa misumari mitano kwenye ukuta unaotazamana na dirisha. Miti iliyokuwa ya kijani sasa ni ya buluu, mistari ya kahawia iliyokoza inabomoka, kuna mipasuko ya mlalo iliyonyooka kama iliyochanwa kwa wembe, na nyuma tumekuta chembechembe kama mchanga pamoja na vifuko vidogo vya wadudu. Wazee wanapendekeza ifuliwe kwa sabuni ya unga, ianikwe juani, kisha irudishwe mahali pake kabla ya jubilei itakayofanyika miezi minne ijayo. Tuanzie wapi?

JIBU

Ndugu Katibu, nakushukuru kwa kuandika kabla ya kufua. Nakuomba uwafikishie wazee, kwa heshima zote, kwamba tapestri hiyo isiguswe na maji hata kidogo. Sufu na hariri zimejengwa kwa protini, kama nywele zetu, na sabuni ya unga ina magadi yanayoilainisha protini hiyo. Nyingine zina vimeng'enya vilivyowekwa makusudi ili viyeyushe madoa ya protini, navyo haviwezi kutofautisha doa na uzi. Zaidi ya hayo, sufu iliyolowa huwa nzito mno, na nyuzi zilizochoka hukatika kwa uzito wao wenyewe wakati wa kuinuliwa. Niliwahi kuletewa pazia la sufu lililofuliwa kwenye beseni kwa nia njema kabisa: nyekundu ilikuwa imehamia kwenye nyuso za watu wote waliofumwa, na hapakuwa na namna ya kuirudisha. Hata kule Mechelen, Ubelgiji, kwenye karakana ya De Wit inayojulikana kwa kusafisha tapestri, kitambaa hulazwa juu ya meza inayofyonza, kikanyunyiziwa ukungu mwembamba wa maji unaovutwa kupita katikati ya nyuzi, na muda wote huo hakisogezwi wala kusuguliwa.

Ili mwelewe mipasuko ile, ni lazima nieleze jinsi kitu hiki kinavyofumwa. Picha ya kitenge imepigwa chapa juu ya kitambaa, lakini picha ya tapestri ndiyo kitambaa chenyewe. Uzi ukitoka, kipande cha picha kimetoka. Mtu anayefika kwenye karakana ya Neema Crafts mjini Iringa anaweza kuwatazama wafumaji wakiwa kazini na kuona nyuzi za mtande, yaani zile zilizotangulia kukazwa kwenye kitanda, na mshindio, yaani uzi unaopitishwa katikati yake. Katika kitambaa cha kawaida mshindio huvuka upana wote, lakini katika tapestri kila rangi huishia mahali umbo lake linapoishia, ikageuka na kurudi. Pale mpaka wa rangi mbili unapofuata mtande, hubaki mwanya, ambao mfumaji huushona kwa mkono baada ya kazi. Mipasuko yenu iliyonyooka, kwa hiyo, inaelekea kuwa mianya ya tangu mwanzo ambayo uzi wake wa kushonea umeoza.

Jambo la pili ndilo wengi hawalifahamu. Kwa desturi ya Ulaya, picha hufumwa ikiwa imelala ubavu kwenye kitanda cha mfumi, na ikishakamilika hugeuzwa na kutundikwa, hivyo mtande wenye nguvu hulala mlalo, na mshindio ulio laini ndio unaobeba uzito wote. Hiyo ndiyo sababu mianya hiyo hufunguka kama midomo, na ndiyo sababu misumari yenu mitano ni kosa kubwa: inaulazimisha uzito wa kitambaa kizima uning'inie katika sehemu tano ndogo.

Kuhusu rangi, kijani cha zamani mara nyingi kilipatikana kwa kutia buluu na njano juu ya uzi uleule, na njano hufa mapema kwa mwanga, buluu ikabaki peke yake. Kahawia iliyokoza na nyeusi zilitiwa kwa dawa yenye chuma, na chuma hicho huila sufu pole pole mpaka ikawa unga. Geuzeni pembe moja mtazame nyuma: mtaona kijani jinsi kilivyokuwa. Kilichopotea upande wa mbele hakirudi, na mtu yeyote atakayejitolea kukipaka rangi upya akataliwe.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza ipigeni picha mbele na nyuma, kila sehemu. Kisha tandazeni shuka safi juu ya meza iliyowekwa chini yake, waiteni watu wanne, na ing'oeni misumari huku wengine wakiwa wameubeba uzito kutoka chini. Isivutwe hata kwa pembe moja. Vumbi liondolewe kwa mashine ya kufyonza vumbi iliyowekwa nguvu ya chini kabisa, mdomo wake ukiwa umefunikwa kwa kipande cha chandarua kisicho na dawa, na usisuguliwe bali uinuliwe na kushushwa mahali hadi mahali. Anzeni nyuma, kwa sababu nondo hupenda giza na utulivu, na mabuu yao ndiyo yanayokula sufu, si yule anayeruka.

Wadudu hao wauawe kwa baridi. Msitumie dawa ya kupulizia wala vile vidonge vyeupe vya kabatini, ambavyo mvuke wake hudhuru watu na huacha mabaki kwenye nyuzi. Izungusheni tapestri kwenye bomba pana lililofunikwa kwa pamba safi, upande wa picha ukitazama nje, bomba likienda sambamba na mshindio ili mtande ndio uzungushwe. Kwa kimo chenu mtapata mzingo, yaani tapestri iliyozungushwa kwenye bomba, wenye urefu wa mita moja na nusu hivi, unaoweza kuingia kwenye friza kubwa la kulala kama yale ya wauza samaki, mradi lisafishwe na lisiwe na kitu kingine. Ikiwa kavu kabisa, fungeni kwa nailoni isiyopitisha hewa na muiache kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ikitoka, nailoni isifunguliwe kwa siku nzima, la sivyo unyevu wa hewa utatua juu ya sufu yenye baridi kama umande.

Mianya iliyonyooka inaweza kushonwa na mtu mwenye mkono mtulivu, kwa sindano iliyopinda na uzi wa pamba wa rangi inayokaribiana, bila kukaza. Pale ambapo mshindio wenyewe umepotea na mtande uko wazi, acheni. Hapo panahitaji kitambaa cha kitani nyuma na mishono ya mhifadhi wa vitambaa vya kale aliyefundishwa. Ulizeni Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ni nani wa kumwendea. Gundi na selotepu zisikaribie.

Kuhusu jubilei, rai yangu ni kwamba msiitundike. Tengenezeni ubao wa mwinamo uliofunikwa kwa amerikani iliyofuliwa na kuchemshwa bila rangi, muilaze juu yake ili uzito wote ugawanyike, mbali na mishumaa na mikono. Mwanga uwe hafifu, luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga), ilhali jua la mchana nje hufikia luksi 100,000. Dirisha lifungwe pazia zito, kwa kuwa kioo huzuia sehemu tu ya mionzi ya urujuanimno. Madhara ya mwanga hujilimbikiza, kwa hiyo wiki tatu za kuonekana zinatosha, halafu ipumzike.

Baadaye, mhifadhi akishaitia kitani nyuma, inaweza kutundikwa kwa miezi michache kwa mwaka. Utepe wa velkro, ule wenye pande mbili zinazonatana, ushonwe kwanza kwenye mkanda wa pamba, mkanda nao ushonwe kwenye ukingo wote wa juu, na upande wa pili wa velkro ubanwe kwenye ubao uliopakwa vanishi na kuachana na ukuta kwa sentimita 3 au zaidi. Pengo hilo ni muhimu kwenu kuliko kwa watu wa Iringa au Mbeya mjini, maana Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, na kuta za nje hutoa jasho. Ukungu huota unyevu wa hewa unapopita asilimia 65 kwa muda. Nunueni kipima unyevu leo, mkiweke kwenye chumba cha ndani mnachokusudia kuhifadhia mzingo ule, mwandike kinachosoma asubuhi na jioni; namba za mwezi mmoja zitawaambia kama chumba hicho kinafaa kabla tapestri haijaingizwa humo.