Soma namba nne za tairi kabla hujasoma ramani

Mkuu, simama kwanza. Umeandika kwamba pikipiki umeinunua kwa mtu aliyeiweka stoo miaka mingi, imetembea kidogo sana, "matairi meno yamejaa kama mapya", na wiki ijayo unaondoka nayo: unafuata barabara ya pwani kwanza, halafu unakata kuingia ile ya msituni, mdogo mdogo, bila haraka. Ukauliza mabegi uyafunge vipi, uanze na upande upi na utembee mwendo gani. Watu wamekujibu mabegi na kamera mpaka uzi umejaa. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza hayo matairi yametengenezwa lini.

Mimi nilivunjika mtulinga kwa maneno hayo hayo. Meno yamejaa. Aliyeniuzia pikipiki aliyasema huku ameinama, anapitisha kidole gumba kwenye mifereji ya tairi ili nione kina chake. Na kweli, kina kilikuwepo. Fundi niliyemlipa aikague yote kabla ya safari akaongezea lake: tairi haizeeki stoo, inazeeka barabarani. Maneno matamu, na ni uongo mtupu. Huyo wa pili ndiye ninayemkasirikia zaidi mpaka leo. Muuzaji anatafuta hela yake, namwelewa. Fundi nimemlipa ili anikatalie, naye akanibariki.

Sikilizeni na ninyi wengine mnaorudia maneno hayo humu. Mpira wa tairi umepikwa kwa salfa, njia aliyoigundua Charles Goodyear mwaka 1839, na ndiyo inayoufanya unyumbuke na kurudi. Kutoka siku tairi linapotoka kiwandani, oksijeni inaanza kuula huo mpira. Ozoni iliyomo hewani inaupasua nyufa ndogo ndogo. Mpira unapoteza ulaini wake na kuwa mgumu. Viwanda vinachanganya ndani nta na dawa za kuukinga, na tairi likizunguka na kujikunja barabarani kinga hiyo inasukumwa kuja juu. Likisimama stoo, hilo halifanyiki. Ukiliweka karibu na mota ya umeme, ozoni inaongezeka hapo hapo. Kwa hiyo pikipiki iliyolala miaka si pikipiki iliyotunzwa. Kwa upande wa matairi ni kinyume chake kabisa.

Sasa angalia mpango wako ulivyo mbaya bila wewe kujua. Unaanza pwani. Lami kavu, jua limeiwasha, kona pana unaiona yote kabla hujaingia. Hata tairi gumu likipata joto kwenye lami ya namna hiyo linashika vya kutosha, na wewe unajenga imani nalo saa baada ya saa. Mimi pwani sikupata dalili yoyote. Nililala kona, nikafunga breki, pikipiki ikatii. Nilikuwa na furaha kweli kweli, bahari upande mmoja, upepo wa chumvi kifuani, na kila kilomita ilikuwa inanithibitishia jambo ambalo si kweli.

Halafu ukaingia msituni. Miti imefunika barabara, lami haijaona jua tangu asubuhi, ina unyevu, pembeni kuna kuvu la kijani, na majani yaliyooza yamelala palepale unapotaka kupita. Tairi linapoa. Mpira laini hapo unajibonyeza kwenye vijinundu vya lami na kushika. Mpira mgumu unapita juu yake tu. Nilikuwa kwenye kona ya kushoto, mwendo wa kawaida, sijagusa breki, sijaongeza mafuta. Tairi la nyuma likaondoka. Halikutikisika kwanza wala kunipa onyo. Niliangukia bega, pikipiki ikateleza mbele yangu mpaka kwenye mtaro.

Mwendesha pikipiki mmoja aliyesimama kunisaidia hakuuliza nilikuwa na mwendo gani. Alikwenda kwenye tairi, akafuta tope ubavuni, upande ule wa ekzosi ambao mtu hachungulii, akaniita. 3109. Wiki ya 31, mwaka 2009. Kisha akabonyeza mpira kwa kidole gumba katikati ya mifereji, na ndani yake zikafunguka nyufa nyembamba kama nywele. Juu meno yamejaa, chini yake mpira umekufa.

Basi fanya hivi leo, si kesho. Tafuta ubavuni mwa tairi herufi DOT. Mwisho wa mstari huo kuna namba nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Usipoziona, angalia ubavu wa pili, kwa sababu mara nyingi zimegongwa upande mmoja tu. Ukikuta namba tatu badala ya nne, hilo tairi ni la kabla ya mwaka 2000, na sihitaji kukuambia zaidi. Angalia la mbele na la nyuma, yote mawili, maana watu hubadilisha moja na kuacha lingine. Ushauri unaotolewa sana na viwanda ni kwamba tairi likipita miaka mitano kwenye matumizi likaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na likifika miaka kumi tangu litengenezwe liondolewe hata kama meno yake ni mazima. Mimi ni mkali kuliko wao: likishapita miaka mitano sisafiri nalo mbali. Tofauti ya bei ya tairi na bei ya mfupa naijua.

Kuna aliyekujibu kwamba safari ya taratibu haihitaji tairi kali. Huyo asikudanganye, maana hapo ndipo penyewe. Mtu anayekwenda taratibu anatazama mandhari. Anatazama bahari, anatazama miti, na akirudisha macho barabarani kuna mbuzi au kokoto katikati ya kona, basi anafunga breki ghafla huku amelala. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani tu. Ule ulioutumia kupinda huwezi kuutumia tena kusimama. Ukiwa na mpira mgumu, hicho kiasi ni kidogo tangu mwanzo. Mwendo mdogo unasaidia, sikatai: kutoka 80 kushuka hadi 40 umbali wa breki unapungua mara nne. Lakini hesabu hiyo inakwenda na mpira unaoshika.

Ukinunua mapya, usiyafunge usiku wa kuamkia safari. Tairi jipya lina uso unaoteleza, kwa hiyo kilomita mia za kwanza hivi uende nalo kwa adabu, upinde kidogo kidogo ukiongeza, bila breki za ghafla. Yafunge sasa hivi, uyatembeze karibu na nyumbani. Upepo upime asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki cha wakati umebeba mzigo, si kwa kulipiga teke wala kwa kubonyeza. Na fundi akikuambia upunguze upepo ili lishike zaidi, mshukuru, ondoka.

Mabegi: vizito chini na katikati, vyepesi juu, basi. Pwani jihadhari na mchanga unaopeperushwa kwenye kona, na upepo wa ubavuni unapotoka nyuma ya mlima au jengo. Kabla ya kuingia kivuli cha msitu vua miwani ya jua, macho yanahitaji muda kuzoea giza. Cheni ioshe chumvi kila jioni na uitie mafuta.

Uanze na upande upi, nitakujibu nikishajua unapanda juu ya nini. Nenda na tochi na kitambaa, futa ubavu wa tairi, upige picha, uweke hapa namba nne za mbele na namba nne za nyuma. Nipo humu mpaka usiku.