Uliza Kocha: Mkimbiaji na Vyuma

Kocha, shikamoo. Nina miaka 34, nakimbia mara nne kwa wiki na Jumapili nafika kilomita 15. Kila nikiongeza kasi, kigimbi cha kulia kinakaza mpaka nachechemea. Napumzika wiki mbili, kinapoa, narudi barabarani, kinaanza upya. Nyumbani nachuchumaa mara 100 kila asubuhi bila uzito wowote, maana mwenzangu ananiambia nikigusa vyuma vizito nitatuna misuli na kuwa mzito. Nifanyeje?
*Kigimbi Kigumu*

Marahaba. Hizo mara 100 za asubuhi ziache kuanzia kesho. Hazina madhara, ila hazikupi chochote ambacho mbio hazijakupa. Ukikimbia nusu saa tu, kila mguu unakanyaga chini zaidi ya mara 2,000, kwa hiyo mazoezi mepesi ya kurudiarudia unayo tele. Unachokosa ni uzito, yaani kazi inayoulazimisha msuli utoe karibu nguvu zake zote kwa mara chache, kisha upumzike.

Sasa tuje kwenye kigimbi. Mtu akisikia mazoezi ya miguu anawaza mapaja, na mashine nyingi za jimu ni za mapaja hayohayo. Kumbe kwenye mbio anayeumia kwa kazi ni kigimbi. Ndani yake mna misuli miwili mikubwa. Ule unaouona umetuna kwa nje unaanzia juu ya goti. Chini yake upo mwingine, bapa na mpana, unaoanzia chini ya goti, na yote miwili inaishia kwenye kano ya kisigino. Huo wa ndani, usioonekana, ndio punda wa safari: waliopima wanakadiria kwamba mtu akikimbia unabeba mara sita hadi nane ya uzito wa mwili wake. Ukichuchumaa kisigino kikiwa chini, hata mara elfu, unaupapasa tu.

Ili uufikie, goti lazima likunjwe. Simama kwa mguu mmoja kwenye kidato cha ngazi, nusu ya mbele ya unyayo ikiwa juu yake na kisigino kikining'inia. Shika ukuta kwa ncha za vidole, usiuegemee. Kunja goti kidogo na libaki hivyohivyo mwanzo mpaka mwisho. Inua kisigino kwa sekunde 2, tulia juu kidogo, shuka kwa sekunde 3 mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Ukianza kuchoka utaona goti linajinyoosha lenyewe bila ruhusa yako, na hapo kazi imeshahamia kwenye msuli wa nje. Mwombe mtu akutazame kwa ubavuni, au weka kioo. Hesabu kila mguu unafika mara ngapi kabla goti halijakuibia. Nadhani wa kulia utaishia mapema, na kama ni hivyo, ndio uanze nao kila siku ya mazoezi.

Ukizoea, vaa begi mgongoni na ulijaze mpaka mara 8 hadi 10 ziwe zinakutoa jasho. Seti 3 goti likiwa limekunjwa, seti 3 likiwa limenyooka, mara mbili kwa wiki. Usitegemee muujiza mwezi wa kwanza. Msuli hupata nguvu mapema, kano huchelewa kwa miezi. Mwaka 1998 daktari Msweden Håkan Alfredson na wenzake walichapisha matokeo ya wakimbiaji wa burudani waliokuwa na maumivu sugu ya kano ya kisigino: walishusha visigino kwenye ngazi, seti 3 za mara 15, goti limenyooka kisha limekunjwa, mara mbili kwa siku kwa wiki 12, wakiongeza mzigo maumivu yalipopungua. Wote wakarudi kukimbia. Wewe kigimbi chako unakipa wiki mbili za usingizi halafu unashangaa kimeamka na hasira.

Ila kikivimba, kikawa cha moto, au kikiuma hata umelala, ngazi iache na umwone daktari siku hiyohiyo.

Na huyo mwenzako mpe habari ya mtafiti wa mazoezi, Mmarekani Robert Hickson. Mwaka 1980 alionyesha kwamba waliochanganya vyuma na mazoezi makali ya pumzi, kama kukimbia, walipata nguvu mwanzoni, kisha zikakwama na kuanza kurudi nyuma kabla ya wiki 10 kuisha, huku waliogusa vyuma peke yake wakizidi kupanda. Kwa hiyo mwenye sababu ya kuogopa ni mtunisha misuli anayetaka kukimbia. Wewe kimbia zako kilomita 15 na utune kama unaweza.

Kocha, nikifanya miguu Jumatatu, Jumatano siwezi hata kushuka ngazi, na Jumatano ndiyo siku yangu ya mbio za kasi. Niyapange vipi?
*Wa Jumatano*

Yahamishie Jumatano yenyewe. Kimbia kasi asubuhi, nyanyua jioni. Wengi huyaweka mazoezi ya nguvu kwenye siku nyepesi wakidhani wanasawazisha, mwisho wanajikuta hawana siku nyepesi hata moja. Maumivu ya misuli yanafika kileleni siku moja hadi tatu baada ya kazi, kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa ziwe za kujikokota.

Maumivu hayo pia yatapungua kadiri unavyozoea, mradi usibadilishe mazoezi kila wiki kwa kuwa umeona jipya kwenye simu. Wiki ya mashindano usiongeze kitu; punguza seti, ubakize uzito.

Mimi ni mwanamke wa miaka 58, nimeanza kukimbia uzeeni. Watoto wangu wanasema vyuma si vya umri wangu, nitavunjika. Ni kweli?
*Bibi Mkimbiaji*

Dada yangu, waambie watoto wamegeuza mambo. Baada ya hedhi kukoma mifupa hupungua uzito haraka na misuli nayo huondoka, na mbio peke yake haziizuii misuli kuondoka. Wewe una haja ya vyuma kuliko huyo kijana wa kigimbi.

Kama umewahi kuambiwa mifupa yako ni dhaifu, au una shinikizo la damu, pata kwanza neno la daktari wako. Kisha anza na kiti. Kaa, simama bila kutumia mikono, rudi chini taratibu ukihesabu hadi 4, usijitupe. Ukifika mara 10 bila shida, kumbatia kitu kizito kifuani. Kisha fanya mguu mmoja ukiwa mbele kidogo, kazi yote ifanywe na wa nyuma. Usibane pumzi: unaposimama, pumua nje. Hao watoto waite waje kujaribu huo wa mguu mmoja mbele yako.

Kocha, nataka kufikisha plenki (kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka) ya dakika tano. Itanisaidia kukimbia?
*Tumbo Chuma*

Itakusaidia kukaa plenki. Sekunde 30 ukiwa umekaza tumbo na makalio kwelikweli zinatosha. Baada ya hapo lala ubavu, egemea kiwiko, nyanyua nyonga na mguu wa juu pamoja, maana unapokimbia kila mara uko juu ya mguu mmoja na nyonga ndiyo inayotaka kudondoka. Ukiweza sekunde 30 kila upande bila nyonga kushuka, umemaliza, nenda kaoge.